Zebedayo: Fundi pancha aliyeshinda kesi ya kilo, akampoteza rafiki

Same. Jua bado halijavuka mgongo wa milima ya Upare, lakini Zebedayo Mchome tayari amepiga magoti kando ya lori la mizigo, akipambana na nati iliyoshika kutu. Anaweka kifua chake chote juu ya spana. Nati inalia, kisha inaachia. Anajifuta jasho kwa mkono wa shati na kuhamia nati ya pili bila haraka.

“Hapa ndipo kilo zangu zinaponifaa,” anasema. “Kijana mwembamba angening'inia kwenye spana hii mpaka saa nne.”

Zebedayo ana miaka 53 na kilo 112. Leo anazitaja mwenyewe bila kuulizwa. Mwaka jana wakati kama huu, anasema, ungemuuliza kilo zake angekuuliza kama umekuja kununua ng'ombe.

Kibanda chake cha kuziba pancha kiko kando ya barabara kuu, upande wa kutokea mjini kuelekea Moshi. Ameshika spana hapo kwa miaka 26. Siku nzuri anarudi nyumbani na Sh35,000. Siku ya upepo na vumbi, malori yanapopita bila kusimama, hata Sh8,000 huzipati, na siku hizo huko Same si chache.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la vipuri vya pikipiki. Inapokaribia saa moja, bwana mmoja mwembamba aliyevaa kofia nyeupe anafika, anafungua makufuli mawili na kusukuma mlango wa chuma. Zebedayo anainua kichwa, anamtazama, anarudi kwenye nati zake. Bwana yule anaweka kiti nje, anapanga matairi, lakini hageuki kutazama upande huu.

“Yule ni Jabiri,” anasema Zebedayo, akishusha sauti ingawa kwa kelele za malori hata angepiga kelele asingesikika. “Tumekuwa marafiki miaka ishirini na miwili. Tangu Februari hatujajuliana hali.”

Kilichowatenganisha si shamba, si mke wala si deni. Ni mchezo wa vigari. Na ndani ya mchezo huo, ni neno moja tu la Kiswahili ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua.

Miaka mitatu iliyopita, Jabiri Nassoro aliona kwenye simu yake watu wakishindana kwa vigari vidogo vya chini, visivyo na paa wala milango, dereva ameketi karibu kugusana na ardhi. Alivuka barabara na simu mkononi, akamwonyesha Zebedayo. Alimuuliza kama kitu kile kinaweza kuchomelewa Same.

“Nilimwambia hata leo,” anakumbuka Zebedayo. “Ile ni bomba, ringi nne ndogo na injini ya bodaboda iliyokufa. Injini alikuwa nazo yeye, bomba nilikuwa nazo mimi.”

Kigari cha kwanza kiliwachukua miezi mitatu. Kilikuwa na magurudumu ya toroli na kiti cha basi kilichokatwa miguu. Walipokiwasha mara ya kwanza kiliwakimbia wote wawili, kikaingia kwenye ukuta wa kibanda cha mama anayeuza chapati. Mama yule aliwadai chapati zake na ukuta wake, wakalipa huku wanacheka.

Ukoo wa Jabiri una kipande cha shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji. Watu waliitana kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare hawajaiacha, wakang'oa visiki na kusawazisha udongo mwekundu kwa Jumamosi nne. Klabu ikazaliwa, Jabiri akiwa kiongozi wake. Kufikia mwaka jana ilikuwa na vigari kumi na kimoja na watu walikuwa wakishuka kutoka Mhezi na kupanda kutoka Makanya kuja kutazama.

Zebedayo alikuwa fundi wa klabu. Kuendesha hakukuwa kwenye mipango yake, au ndivyo alivyojiambia.

Alizaliwa Mhezi, juu milimani, mtoto wa nne wa mkulima wa tangawizi na kahawa. Akiwa na miaka 19 alishuka kuwa utingo wa malori. Alifunga matairi, alifungua matairi, alilala chini ya matairi. Leseni ya udereva hakuwahi kuipata, kwani kila alipokusanya ada ya chuo kulikuwa na mdogo wake anayetakiwa shuleni. Alipochoka na safari alijenga kibanda, akaoa, akapata watoto watatu.

“Maisha yangu yote nimefunga magurudumu ili watu wengine waende,” anasema. “Nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Nikasema na mimi niende, hata kama ni kuzunguka tu shamba la mkonge na kurudi palepale.”

Machi mwaka jana tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la Jabiri. Liliandikwa kwa kalamu nene: “Msimu mpya wa vigari. Madaraja ni mawili, jepesi na zito. Kila dereva ajiandikishe anapostahili.”

Zebedayo alilisoma akiwa amesimama na kikombe cha chai. Alikuwa mgeni wa mchezo, hajawahi kukata kona hata moja. Akajiuliza mgeni kama yeye aingie kwenye daraja zito akatafute nini. Zito ni la wazoefu. Jepesi ndilo la wanaoanza. Akajiandikisha jepesi, akamaliza chai yake.

Kosa lilikuwa hapo. Jepesi halikuwa na maana ya rahisi. Lilikuwa daraja la madereva wasiozidi kilo 80, wenye injini ndogo za bodaboda. Zito lilikuwa la waliozidi hapo, wakipewa injini kubwa zaidi iliyotolewa kwenye guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ya kutosha kusukuma mwili wa mtu mzima.

“Tangazo niliandika mimi,” anasema Irine Mshana, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa katibu wa klabu. “Kilo zilikuwa kwenye daftari la kanuni, ndani ya droo ya duka. Wote tuliokuwepo kwenye kikao tulijua. Sikufikiri yupo atakayesoma vingine. Nami ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo mnaweza kunicheka.”

Mashindano ya kwanza Zebedayo alikuwa wa mwisho. Ya pili, wa mwisho tena, akiwa amezidiwa mzunguko mzima. Injini ndogo ilikuwa ikilia chini yake kama mbuzi anayevutwa sokoni. Wenzake wakikanyaga mafuta wanaruka, yeye akikanyaga kigari kinafikiria kwanza. Kwenye kona ilibidi ashike breki mapema, la sivyo mwili ulimpeleka majanini. Kiti kilimbana mpaka akawa anatoka na michubuko ubavuni ambayo mkewe, Asteria, alikuwa akiikanda kwa maji ya moto.

“Nilimuuliza, Baba Faraja, huu ni mchezo au ni adhabu?” anasema Asteria. “Akasema wanaoanza wote huumia.”

Mpaka hapo, hadithi hii ni ya kuchekesha, na Zebedayo mwenyewe huisimulia hivyo. Mtu mzima kasoma neno moja kwa maana nyingine, kaingia kwa vijana, kaumia mbavu. Angehama daraja mwezi wa tano na leo wangekuwa wanataniana nayo.

Hakuhama.

Anaacha tairi, anakaa kwenye ringi iliyogeuzwa kiti, anatazama mikono yake myeusi kwa oili. Sehemu inayofuata, anasema, ameshawasimulia watu wawili tu, mkewe na mchungaji wake.

“Watu wote hapa wanajua kwamba sikujua,” anasema. “Mimi nilijua.”

Ilikuwa Aprili, siku tatu baada ya yale mashindano ya pili. Jabiri alimwita dukani, akamimina kahawa, akasukuma sahani ya kashata. Hakukuwa na mteja. Alimwambia taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake zipu yake iko wazi.

“Aliniambia, ‘Zebe, umejiandikisha pasipo pako. Jepesi ni kilo, si urahisi. Njoo zito. Kuna kigari kule nyuma nimekutengea, injini ya guta, na kiti nimekipanua kwa vipimo vyako.’ Akanionyesha. Kiti kilikuwa kizuri. Nilikikalia, kikanichukua vizuri kabisa.”

Zebedayo alijibu kwamba atahama raundi inayofuata. Raundi ikafika, akasema ijayo. Kile kigari chenye kiti kipana kikakaa nyuma ya duka msimu mzima, kimefunikwa turubai.

Kwa nini hakuhama?

“Kabla ya kila mbio, mtangazaji alikuwa akiita kwenye spika, ‘Wazito, jiandaeni!’ Watu wanacheka. Si kwa ubaya, wanacheka tu. Mimi nimekua naitwa gunia, tangu Mhezi, tangu shuleni. Sikutaka kuitwa kwenye spika.”

Kisha anaongeza lililo zito zaidi. Daraja zito lilikuwa na madereva wanne, wote watu wa umri wake, wote madereva wa malori aliowafungia matairi kwa miaka.

“Kule jepesi nilikuwa wa mwisho, lakini wa mwisho mbele ya vijana. Hiyo ina heshima yake, watu wanasema mzee anajitahidi. Kule zito ningekuwa wa mwisho mbele ya wenzangu.”

Hakuna aliyemsumbua. Klabu haikuwa na mizani, kila dereva aliaminiwa kwa kauli yake, na mtu anayemaliza wa mwisho kila mara hana adui. Jabiri alimwangalia, akatikisa kichwa, akamwacha.

Fainali ilikuwa Novemba. Kwa kuwa kulikuwa na wageni, klabu iliazima mizani kwa mnunuzi wa mahindi, kila mshindi apimwe kabla ya kukabidhiwa kikombe. Zebedayo hakuijali. Mizani ilikuwa ya washindi, na yeye hakuwa na habari za ushindi.

Lakini mvua ya vuli ilinyesha alfajiri ile, jambo ambalo Same huwa ni la kusimulia. Udongo mwekundu uligeuka sabuni. Vijana wepesi walipokanyaga mafuta vigari vilizunguka kama pia. Kigari cha Zebedayo, chenye kilo 112 juu yake, kilikandamiza matope na kwenda mbele kama trekta. Alimpita wa kwanza, wa pili, wa tano. Kwenye kona ya mwisho, karibu na mnara wa simu, alimpita Rodrick Mvungi, dereva wa bodaboda aliyeongoza msimu mzima.

“Nikawa mbele na hakuna mtu mbele yangu,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii uso wake unafunguka. “Ndugu mwandishi, sijui nikuelezeje. Barabara yote ilikuwa yangu.”

Furaha hiyo ilidumu dakika kumi hivi. Walimwita kwenye mizani. Angeweza kukataa, angeweza kusema ukweli, angeweza kumpa Rodrick mkono na kwenda zake. Alipanda. Mshale ukaenda mpaka mia na kumi na mbili, ukatetemeka pale.

Mtu mmoja kwenye umati akapaza sauti: “Hiyo ni lumbesa!”

Lumbesa, kama kila mkulima ajuavyo, ni lile gunia lililojazwa kupita kipimo, linaloshonewa kilemba juu ili mnunuzi amwibie mkulima. Uwanja mzima ulicheka. Watoto walicheka, wageni walicheka, na Zebedayo anaapa kwamba alimwona hata mwenye mizani akigeuka pembeni ashike tumbo. Jabiri peke yake hakucheka. Alimshika mkono amshushe, akatangaza kwamba mshindi ni Rodrick.

“Kama wasingecheka,” anasema Zebedayo, “nisingekwenda popote.”

Wachaga, watani wa Wapare, husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Wapare wenyewe huucheka utani huo, kisha wakienda nyumbani hukuta barua ya wito. Zebedayo alipeleka lalamiko kwenye kamati ya klabu, likakataliwa. Akalipeleka kwenye baraza la kata. Hoja yake ilikuwa fupi: tangazo lilisema jepesi na zito, halikusema kilo, na yeye alielewa kwamba jepesi ni rahisi. Ushindi wake urudishwe.

Baraza liliketi mara tatu, Januari mpaka Februari. Siku ya pili alikuja na kamusi ya shule aliyoazima kwa jirani, akasoma maana za neno lile moja baada ya nyingine mbele ya wajumbe. Kisha akauliza, “Mtihani ukiwa mwepesi, huwa mmeupima kwa mizani?” Watu walicheka tena. Safari hii walicheka pamoja naye, na anakiri kwamba kicheko kile kilimlewesha.

Siku ya tatu mwenyekiti wa baraza alimuuliza swali moja. Je, katika msimu mzima, kuna mtu aliyewahi kumweleza maana halisi ya daraja jepesi?

Baraza halikumtaka kiapo. Zebedayo, mzee wa kanisa katika usharika wake, alikiomba mwenyewe. Alikuwa amekuja na Biblia ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na kamusi. Aliitoa, akaweka mkono juu, akaapa kwamba hakuna aliyemweleza.

“Nilikuwa nimesimama, Jabiri ameketi mkono wangu wa kushoto, karibu kama wewe na mimi hapa. Nilitazama ukutani. Kulikuwa na kalenda. Nikaapa kwenye kalenda ile.”

Mwenyekiti akamgeukia Jabiri. Je, ana la kusema juu ya hilo? Je, aliwahi kumweleza mwenzake?

Watu waliokuwamo, akiwamo Irine, wanasema Jabiri alivua kwanza kofia yake, akaipakata. Kisha akasimama.

“Mwenzangu ameshaapa,” alisema. “Andikeni kama alivyosema.”

Akaketi.

Zebedayo alishinda kesi. Baraza lilisema tangazo lilikuwa na utata, na mtu asiyeelezwa hawezi kuhukumiwa. Kesho yake asubuhi Jabiri alivuka barabara, akaweka kikombe juu ya kompresa, akasema, “Hiki hapa, mzee Mchome,” akarudi dukani kwake. Miaka ishirini na miwili alikuwa akimwita Zebe.

Wiki ileile Jabiri alijiuzulu uongozi wa klabu. Shamba ni la ukoo wake, wala hakuna aliyethubutu kumwomba uwanja. Hakukuwa na msimu mwaka huu. Mwandishi wa makala haya alifika uwanjani na kukuta mbuzi wakila majani kwenye kona ya mnara, na alama za matairi zimefutika.

“Mimi sikulilia kikombe, kikombe ni bati tu,” anasema Rodrick, ambaye ndiye aliyenyang'anywa ushindi. “Nililia Jumamosi zangu. Sasa hivi Jumamosi nazunguka na abiria kama siku nyingine.”

Asteria naye hakuficha. “Siku aliyoleta kile kikombe nilimuuliza umeshinda nini. Akasema kesi. Nikamwambia basi kakile hicho kikombe, maana mimi leo sipiki.”

Kikombe hakipo sebuleni. Kiko chini ya kitanda, kimefungwa kwenye gazeti. Machi, Zebedayo alikwenda kwa mchungaji wake, akasema yote, akaomba mwenyewe kuvuliwa uzee wa kanisa. Mchungaji alimwombea. Kisha akamwambia maneno ambayo Zebedayo anayarudia akitazama chini: “Kwa Mungu umefika. Bado ng'ambo ya barabara.”

Alijaribu njia za pembeni kwanza. Juni alirudi kwenye baraza, akamweleza karani kwamba anataka ushindi wake ufutwe. Karani, mama mwenye subira, alipekua mafaili yake yote.

“Aliniambia, ‘Mzee, aliyeshindwa ndiye anayekata rufaa. Wewe ulishinda. Hapa hatuna fomu ya mtu kuomba kushindwa.’ Nikamwambia niandikie hata kwa mkono. Akasema, ‘Shida yako haiko kwangu.’”

Ikabaki kuvuka. Kutoka kibandani mpaka dukani ni hatua thelathini na tano, amezihesabu. Mara ya kwanza alivuka na kukuta wateja wawili, akaona aibu, akanunua plagi ya pikipiki. Mara ya pili hakukuwa na mteja, lakini Jabiri aliinua uso na kuuliza, “Nikusaidie nini?” kama anavyomuuliza yeyote. Akanunua plagi nyingine.

“Ananipa chenji, ananiambia karibu tena,” anasema. “Hiyo karibu tena inaniuma kuliko angenitukana. Sasa nina plagi nne nyumbani, na pikipiki sina.”

Watu wa makamo wenye miili kama yake bado humuuliza kuhusu vigari, kwa maana mji haujui ukweli na wengine wanamwona shujaa aliyepigania haki. Huwaambia jambo moja: kama una kilo, nenda kwenye daraja la wenye kilo. Injini ya kule imetengenezwa kwa ajili yako, kiti hakitakubana, breki zitakusikia, na ukifika wa mwisho utakuwa wa mwisho kati ya watu wanaokujua. Wanamshukuru. Hawajui kwamba ushauri huo yeye alipewa bure, pamoja na kahawa, akaukataa.

Mwandishi alivuka barabara kuzungumza na Jabiri. Alimkuta ameketi nje, miwani puani, akisoma gazeti. Alimkaribisha kwa adabu, akamwagizia kahawa. Alizungumza kwa furaha juu ya kile kigari cha kwanza na ukuta wa mama chapati. Alikubali kwamba na yeye ana kosa lake. “Nilimwona wa mwisho kila siku, nikasema mwacheni. Ningemshika mkono mapema yasingefika huko.”

Alipoulizwa juu ya siku ya kiapo, alikunja gazeti.

“Hiyo kesi iliisha,” alisema. “Mimi siwezi kumsemea mtu aliyejisemea mwenyewe. Muulize yeye.”

Je, klabu inaweza kurudi? Alitazama ng'ambo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Zebedayo alikuwa ameinama kwenye tairi, mgongo umetugeukia.

“Kigari chake kipo kule nyuma,” alisema Jabiri. “Sijakiuza.” Kisha mteja akaingia kuuliza bei ya mnyororo, naye akainuka.

Mwandishi alirudi kibandani na kumweleza Zebedayo maneno hayo mawili kama yalivyosemwa. Alisikiliza akiwa ameshika kiraka ambacho gundi yake ilikuwa inakauka. Kiliharibika kabisa, ikabidi achukue kingine.

Anasema anataka kitu kimoja tu. Hataki kikombe, hicho atampelekea Rodrick mwenyewe, amekwishamwambia Asteria akifungue kwenye lile gazeti. Anataka Jabiri aufungue uwanja, na yeye ajiandikishe daraja zito, aitwe kwenye spika kama wenzake. Lakini kabla ya hapo kuna sentensi moja ambayo kila akiivusha barabara inageuka plagi.

Kwa kuwa alikuwa amekiri kosa la kuapa uongo, mwandishi alimuuliza mara mbili kama angependa sehemu hiyo iachwe, au jina lake libadilishwe. Ana watoto, ana wateja, ana kanisa. Alifikiri huku akikaza nati ya mwisho. Dereva wa lori alilipa, akapanda, akaondoka kuelekea Moshi.

“Liache jina langu,” alisema. “Andika Zebedayo Mchome alijua tangu Aprili. Andika Jabiri alimwambia kwa mdomo wake, na pale barazani akanyamaza ili asimuumbue. Kilo pia ziandike.”

Akafuta mikono kwa kitambaa, akatazama duka la ng'ambo.

“Yule bwana hununua gazeti kila siku, na huanzia nyuma, kwenye michezo. Mwombe mhariri wako aniweke huko.”